Kidonge kinachozima kengele: Marufuku ya tramadol imelinda dakika 90, mgongo wa mchezaji bado uko hatarini

TANGU Januari 1, 2024, mchezaji yeyote wa soka anayekutwa na tramadol mwilini siku ya mechi yuko matatani. Shirika la dunia linalopambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, WADA, liliiweka dawa hiyo ya maumivu kwenye kundi moja na mofini na heroini. Adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa miaka miwili, na ikithibitika mchezaji alikusudia, inaweza kufika minne.

Mashabiki wengi hata hawakushtuka. Stori za doping zilizozoeleka ni za mtu anayetafuta misuli au pumzi ya ziada. Tramadol haimpi mtu misuli. Inamwondolea maumivu tu, na kwenye soka la kulipwa maumivu ni sehemu ya kazi.

Ila kuna kundi moja ambalo sheria hii inaligusa moja kwa moja. Ni wachezaji wenye mgongo mbovu, wale ambao maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye kalio na kushuka hadi kwenye unyayo. Madaktari huyaita siatika. Ni maumivu makali kiasi kwamba mtu anafikiria vidonge vikali haraka, na bahati mbaya ni maumivu ambayo vidonge hivyo huyasaidia kidogo sana.

Ishu iko hapo. Marufuku ya WADA imelinda dakika 90. Siku nyingine zote za wiki, ambazo mchezaji anafanya mazoezi, anasafiri na analala na maumivu yake, sheria hiyo haizigusi.

SIYO NYAMA ZA PAJA

Neva ya siatiki ndiyo neva nene na ndefu kuliko zote mwilini. Inaundwa na mizizi inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, inapita chini ya misuli ya kalio, inashuka nyuma ya paja na kugawanyika karibu na goti kwenda kwenye mguu. Ndiyo inayopeleka amri ya kukunja goti, kuinua unyayo na kusukuma vidole. Kwa mchezaji wa mpira, huo ndio waya mkuu wa umeme.

Shida huanza waya huo unapobanwa. Mara nyingi anayebana ni diski, ule mto laini ulio katikati ya pingili za mgongo. Diski ikichomoza inagusa mzizi wa neva, na mzizi ukivimba mtu anasikia moto unashuka mguuni. Diski zinazoongoza kwa kuleta balaa hili ni mbili za chini kabisa, zilezile zinazobeba mzigo wakati straika anageuka na kupiga shuti, beki anaruka kupiga kichwa au kipa anatua chini kwa ubavu.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba maumivu hayakai mahali tatizo lilipo. Mgongo unaweza kuwa unauma kidogo tu huku nyuma ya paja kunawaka. Mchezaji anasema nyama za paja zinavuta. Anakandwa, anapumzishwa wiki mbili, anarudi, anatonesha. Mashabiki nao wanaanza maneno kwamba jamaa ni wa kioo.

Zipo dalili za kutofautisha. Maumivu ya neva hupenda kuvuka goti na kwenda chini zaidi. Huja na ganzi au vijisindano. Mtu akikohoa au kupiga chafya yanaongezeka. Akilala chali na kuinuliwa mguu ukiwa umenyooka, moto unashuka. Nyama za paja zilizochanika haziwezi kumletea mtu ganzi kwenye kidole gumba cha mguu.

Habari njema ni kwamba wengi wanaopata siatika hupata nafuu bila kupasuliwa, na kwa kawaida hiyo huchukua kati ya wiki sita na 12. Habari mbaya ni kwamba kwenye ligi, wiki sita zinaweza kuwa mechi sita au nane. Kocha anaweza kuwa hana wiki sita, na mchezaji ambaye mkataba wake unaisha mwisho wa msimu hana kabisa. Kidonge kinaingia kupitia mlango huo.

KIDONGE KINAFANYA NINI?

Tramadol, mofini, kodeini na oksikodoni ni ndugu wa ukoo mmoja unaoitwa opioidi, dawa za jamii ya afyuni. Haziendi kwenye jeraha. Zinakwenda kwenye ubongo na uti wa mgongo na kuupunguza ujumbe wa maumivu. Kwa aliyevunjika mfupa, aliyetoka chumba cha upasuaji au mgonjwa wa saratani, ni msaada mkubwa na hakuna wa kuzibeza.

Kwa siatika mambo ni tofauti. Diski iliyochomoza inabaki ilipo. Neva iliyobanwa inaendelea kubanwa. Kilichobadilika ni kwamba mwenye mguu hasikii vizuri. Ni sawa na kuzima kengele ya moto huku jiko linaendelea kuwaka.

Kitaalamu ushahidi umekuwa ukienda upande huohuo. Mwaka 2020 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliwaambia madaktari wasiwape opioidi wagonjwa wa siatika ya muda mrefu. Mwaka 2023 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya utafiti wa watu 347 waliokuwa na maumivu mapya ya mgongo wa chini au shingo. Nusu walipewa opioidi, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki sita hakukuwa na tofauti ya maana ya maumivu kati ya makundi mawili. Mwaka mmoja baadaye, waliopewa opioidi ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzitumia vibaya.

Utafiti huo ulihusu mgongo na shingo kwa ujumla, siyo siatika pekee. Lakini hata dawa inayolenga neva, pregabalini, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa siatika Australia, matokeo yaliyotoka 2017 yalionyesha haikuzidi kidonge cha bure. Kwa hiyo hadi sasa hakuna kidonge cha miujiza cha siatika, iwe cha bei ndogo au kubwa.

DAWA INAPOGEUKA ADUI

Kama shida ingekuwa ni kutosaidia tu, stori ingeishia hapo. Opioidi zikitumika kwa wiki na miezi, zinaanza kumgeuka mwenyewe.

Kwanza, mwili unazizoea. Kidonge kimoja kilichokuwa kinatosha mwezi uliopita hakitoshi mwezi huu. Mtu anaongeza kimoja, kisha viwili.

Pili, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Opioidi za muda mrefu zinaweza kuufanya mfumo wa neva uwe mwepesi zaidi kusikia maumivu. Yaani dawa ya kuua maumivu inageuka kuwa sababu ya maumivu. Mwenye siatika anapoona mguu unauma zaidi ya mwanzo, akili inamwambia diski imeharibika zaidi na anaongeza dozi. Kumbe sehemu ya moto huo imewashwa na dozi yenyewe.

Tatu ni kile ambacho mtaani kinaitwa arosto. Akijaribu kuacha ghafla, anatoka jasho, anakosa usingizi, tumbo linavuruga, mwili mzima unauma na wasiwasi unampanda. Miguu haitulii usiku. Kwa mtu aliyeanza dawa kwa sababu ya mguu, ni rahisi kuamini kwamba ugonjwa umerudi, na anarudi kwenye pakiti.

Nne, na hii ndiyo inayowatisha zaidi madaktari wa mgongo, dawa inaficha dalili za hatari. Diski ikichomoza sana inaweza kubana fungu zima la neva za chini. Dalili zake ni ganzi kwenye sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, na miguu yote kuishiwa nguvu. Hiyo ni dharura ya kupasuliwa haraka, na kuchelewa kunaweza kumwachia mtu ulemavu wa kudumu.

Sasa angalia mtego ulivyo. Opioidi zenyewe huleta choo kigumu na zinaweza kuufanya mkojo utoke kwa shida. Mchezaji anayemeza tramadol akiona mkojo unasumbua anasema ni dawa tu. Anaweza kuwa sahihi, na anaweza kuwa anapoteza saa za mwisho za kuokoa neva zake. Hata kile choo kigumu si jambo dogo, kwa sababu kujikamua kunaongeza msukumo kwenye diski ileile iliyochomoza.

Tramadol ina la ziada. Tofauti na ndugu zake wengi, inagusa pia kemikali za ubongo zinazohusika na hisia, na kwa dozi kubwa inaweza kuleta degedege. Mtu anaweza kuanguka akiwa mazoezini, au akiwa nyuma ya usukani.

KIRKLAND NA WOODS

Aliyeivua nguo stori hii kwenye soka ni Chris Kirkland, kipa wa zamani wa Liverpool na Wigan ambaye pia aliwahi kuichezea England. Kirkland alikuwa na mgongo uliokuwa ukimbana mara kwa mara. Mwaka 2012 alijiunga na Sheffield Wednesday, na safari za gari kwenda na kurudi mazoezini zikawa mzigo mwingine kwenye mgongo uleule. Akaanza tramadol ili asikose mechi.

Kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku. Kirkland amesema hadharani kwamba alifika miligramu 2,500, zaidi ya mara sita ya kiwango hicho. Alistaafu 2016, na amesimulia kuwa wakati huo hali ya akili ilikuwa imeporomoka hadi akafikiria kujiua. Aliomba msaada, akaacha, akarudia, akapambana tena. Leo ni miongoni mwa sauti kubwa zinazowaonya wachezaji kuhusu kidonge hicho.

Tazama mambo mawili kwenye stori yake. Kidonge cha kwanza hakikuwa cha starehe. Kilikuwa cha kazi. Na ulevi wake haukuwa wa siku ya mechi peke yake. Ulikuwa wa nyumbani, kwenye gari, asubuhi na usiku. Hata kama marufuku ya 2024 ingekuwepo wakati ule, ingemgusa saa chache tu za wiki.

Nje ya soka yupo Tiger Woods. Mgongo na maumivu ya neva yanayoshuka mguuni vilimpeleka chumba cha upasuaji mara nne kati ya 2014 na Aprili 2017. Mei 29, 2017 polisi wa Florida walimkuta usiku kwenye gari lake akiwa hajielewi. Hakuwa na pombe. Vipimo vilionyesha dawa tano mwilini, mbili zikiwa opioidi na moja ya usingizi. Woods mwenyewe alisema alikuwa anajaribu kukabiliana na maumivu ya mgongo na kukosa usingizi, akaingia kliniki kupata msaada.

Aprili 2019 alishinda Masters akiwa na miaka 43. Kilichomrudisha hakikuwa pakiti ya vidonge. Upasuaji wa nne uliunganisha pingili na kuondoa kilichokuwa kinaibana neva, kisha ikafuata kazi ndefu ya mazoezi ya kurudisha mwili. Si kila mgonjwa anahitaji kisu kama yeye. Ila funzo ni lilelile, kwamba alipona pale tatizo lenyewe liliposhughulikiwa.

SOKA NA UTAMADUNI WA KUMEZA

Kirkland hakuwa peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo chenye dawa. Jiri Dvorak, aliyekuwa daktari mkuu wa Fifa, alitoa hadharani mwaka 2012 takwimu za Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini. Karibu asilimia 40 ya wachezaji walikuwa wanatumia dawa za maumivu kabla ya kila mechi. Nyingi zilikuwa za kundi la kupunguza uvimbe, kama diklofenaki, ambazo haziko kwenye orodha ya marufuku.

Hizo nazo si pipi. Daniel Agger, beki wa zamani wa Liverpool ambaye mwili ulimsumbua kwa miaka mingi, mgongo ukiwemo, alistaafu 2016 akiwa na miaka 31 tu. Baadaye alieleza kwamba alikuwa amemeza dawa za kupunguza uvimbe kupita kiasi ili aweze kucheza. Watumiaji wa dawa hizi kwa muda mrefu huziweka figo, tumbo na moyo kwenye hatari.

Utamaduni huu hauletwi na madaktari peke yao. Shabiki anamsifia anayecheza na maumivu na kumwita mpiganaji. Aliyekaa nje anaitwa legelege. Kocha anauliza swali moja, atacheza au hatacheza? Mchezaji mwenye benchi refu nyuma yake anajua jibu linalotakiwa.

MARUFUKU ILIVYOFIKA

WADA haikukurupuka. Tramadol ilikuwa kwenye orodha ya dawa zinazofuatiliwa tangu 2012, na takwimu zilionyesha matumizi makubwa kwenye baiskeli, raga na soka. Chama cha baiskeli duniani, UCI, kilitangulia na kuipiga marufuku kwenye mashindano yake kuanzia Machi 2019. Mkolombia Nairo Quintana akanasa. Alikuwa amemaliza wa sita Tour de France ya 2022, akafutiwa matokeo yake, na rufaa yake CAS ikagonga mwamba.

Hoja ya WADA ilikuwa na miguu miwili, afya ya mchezaji na usawa wa mashindano. Kwenye usawa, utafiti wa Chuo Kikuu cha Kent uliotoka 2023 ulionyesha waendesha baiskeli waliopewa miligramu 100 za tramadol walimaliza takriban kilomita 40 kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 1.3, sawa na sekunde 50 hivi. Kwenye michezo ya kulipwa, sekunde 50 ni maisha.

Kwenye soka, mchezaji anapaswa kuelewa saa. Kipindi cha mashindano kinaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mechi na kuisha baada ya mechi na kuchukuliwa sampuli. Nusu ya tramadol huondoka mwilini kwa takriban saa sita, kisha nusu ya iliyobaki kwa saa sita nyingine. Aliyemeza kidonge Ijumaa saa 3 usiku ili apate usingizi, Jumamosi saa 10 jioni bado ana mabaki. Kusema alimeza jana hakumsaidii.

Hata sindano nayo ina mtego. Wagonjwa wengine wa siatika huchomwa sindano ya dawa za jamii ya kotisoni karibu na neva ili kushusha uvimbe. Tangu Januari 2022, sindano zote za jamii hiyo zimepigwa marufuku kipindi cha mashindano. Mwenye sababu ya kitabibu anaweza kuomba kibali maalumu cha matumizi ya tiba, lakini kibali kinahitaji nyaraka za daktari, vipimo na maelezo kwa nini hakuna njia nyingine. Hakitolewi kwa maneno ya mdomo.

Na sheria haijali nia. Andre Onana, kipa wa Cameroon, alifungiwa na Uefa Februari 2021 kwa miezi 12 akiwa Ajax, kwa dawa ya kuongeza mkojo. Maelezo yake yalikuwa kwamba alijisikia vibaya, akachukua kidonge cha mkewe akidhani ni dawa nyingine. Uefa ilikubali hakukusudia kudanganya, na bado ikamfungia. CAS ikapunguza hadi miezi tisa. Kidonge kimoja cha kabati la nyumbani kiligharimu miezi tisa ya kazi.

PENGO LILILOBAKI

Marufuku imefanya kazi yake, lakini ina tundu. Nje ya kipindi cha mashindano, tramadol si kosa. Mchezaji mwenye siatika anaweza kuimeza Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, akaacha Alhamisi ili awe safi Jumamosi. Kwenye karatasi hana kesi.

Kwenye mwili kesi ipo. Anafanya mazoezi makali siku nne akiwa na kengele imezimwa, akiubebesha mgongo mzigo ambao bila dawa angeuepuka. Kisha siku ya mechi, dawa imetoka, maumivu yamerudi na pengine arosto inaanza kubisha hodi. Anaingia uwanjani akiwa kwenye hali mbaya zaidi ya wiki nzima. Akishindwa kuvumilia, ama anavunja sheria, ama anahamia kwenye kodeini, ndugu wa ukoo uleule ambaye yeye hajapigwa marufuku.

Kwa hiyo vipimo vya mkojo haviwezi kumlinda mchezaji huyu. Anayeweza kumlinda ni klabu, wakala wake, familia yake na yeye mwenyewe.

KIBONGOBONGO

Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Afcon 2027. Wachezaji wa ligi zetu wanacheza mechi za Caf, ambako kanuni za WADA zinafuatwa kama Ulaya. Suala hili haliko mbali.

Mazingira yenyewe yanalea siatika. Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, na si timu zote zina bajeti ya ndege. Kukaa kitini kwa saa nyingi ni miongoni mwa mambo yanayoikera diski iliyochomoza. Kirkland alilalamikia safari za gari za kwenda mazoezini tu. Ongeza viwanja vigumu na ratiba inayobana.

Upande wa dawa, tramadol ni dawa ya kuandikiwa na daktari, lakini kila mtu anajua kwamba baadhi ya maduka ya dawa yanauza kwa kuulizwa bei tu. Nigeria, Ghana na Misri zimehangaika kwa miaka na tramadol ya mtaani, kwa hiyo hakuna sababu ya Afrika Mashariki kusubiri ifike kiwango hicho. Mchezaji anayenunua kaunta hajui alichonunua, hana cheti, na hana hoja siku akiitwa kujieleza.

Wataalamu wapo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inafanya upasuaji wa uti wa mgongo. Muhimbili pia ndiko ilikoanza kliniki ya methadoni mwaka 2011 kwa ajili ya waraibu wa heroini, kwa hiyo uzoefu wa kumsaidia mtu aliyenaswa na dawa za jamii ya afyuni upo nchini. Kinachokosekana ni mazoea ya mchezaji kwenda huko mapema, kabla ya duka la dawa.

KIFANYIKE NINI

Mchezaji ambaye maumivu yanavuka goti asikandwe tu na kurudishwa uwanjani. Apimwe neva. Anaweza kusimama kwa visigino? Anaweza kusimama kwa vidole? Ganzi iko wapi? Ni vipimo vya dakika tano visivyohitaji mashine. Mguu ukionekana kupoteza nguvu, au maumivu yakigoma kwa wiki kadhaa, ndipo kipimo cha MRI na daktari wa mgongo wanapohusika.

Kwa wengi, tiba ni ya kuchosha na haina mbwembwe. Kuendelea kutembea na kujongea badala ya kulala kitandani, mazoezi ya viungo yanayoongezwa taratibu, kupunguza mzigo, na muda. Pale neva inapoendelea kubanwa, upasuaji mdogo wa kuondoa kipande cha diski huwarudisha wanamichezo wengi kazini.

Aliyekwisha kunasa kwenye tramadol asiache kwa kishindo. Kuacha ghafla kunaleta arosto kali na kunaweza kumrudisha kwenye dozi kubwa zaidi. Daktari anapunguza kidogokidogo, huku maumivu yakitibiwa kwa njia nyingine. Na akiona ganzi sehemu za siri au mkojo umegoma, hiyo si ya kusubiri kesho, hata kama anadhani ni dawa.

Klabu nazo zina kazi. Daktari wa timu awe na daftari la kila kidonge kinachomezwa, siku ya mechi na siku ya mazoezi. Neno lake likisema mchezaji hayuko fiti, kocha asilipindue. Na mchezaji anayesema ukweli kuhusu mgongo wake asipoteze namba kwa sababu ya kusema ukweli. Bila hilo la mwisho, mengine yote yatabaki kwenye makaratasi, kwa sababu atanyamaza na kumeza.

Swali la kocha pia libadilike. Badala ya kuuliza kama straika atacheza Jumamosi, aulize mguu wake ulikuwa unasema nini Jumanne, kabla hajameza chochote.